Dominika na Neno la Kuchangia

Mwaka 1993 afisa wa elimu alikuja kijijini kwetu Mwimbi, akatutangazia kwamba serikali haiwezi tena kubeba peke yake gharama za sekondari. "Wazazi mtachangia," alisema. Watu walinung'unika, wakatawanyika. Dominika, mjane asiyejaliwa mtoto, hakunung'unika. Alikwenda nyumbani kuchukua gunia.

Evodia, binti wa jirani yake Isdori, alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, msichana pekee kijijini mwaka ule. Asiporipoti Jumatatu, nafasi angepewa mwingine. Na Isdori alivunjika mguu msimu wa kupanda. Ghala lake lilikuwa tupu.

Dominika alipita nyumba kwa nyumba. "Serikali imesema tuchangie." Hapa debe la ulezi, pale maharage. Kwa Mayunga, mfugaji Msukuma aliyehamia karibuni, alipokewa kwa utani juu ya sifa yetu ya kurusha radi.

"Nisipotoa, ninyi Wafipa mtanitumia radi?"

"Radi ina kazi zake, mwanangu. Wewe leta mbuzi."

Mayunga alicheka mpaka akakohoa. Akatoa mbuzi wawili.

Jumamosi mtendaji wa kijiji alimkuta Dominika akipakia magunia kwenye lori la Azizi, mnunuzi wa nafaka kutoka Sumbawanga mjini.

"Mama, umekosea. Kuchangia maana yake kila mzazi amlipie mwanawe."

Dominika alitua gunia. "Hiyo si kuchangia, baba. Hiyo ni kulipa. Kuchangia tunakujua: msiba tunachangia, harusi tunachangia. Au yule afisa wako hajui Kiswahili?"

Watu waliangua kicheko. Mtendaji alitazama huku na huku, kisha akashika pembe ya gunia, akasaidia kupakia. Evodia alipanda na sanduku lake, akaketi kando ya dereva. Jumatatu asubuhi aliripoti shuleni, ada mkononi.

Tangu hapo gunia lile lilizunguka kila Januari. Mimi nilikuwa mtoto wa saba kusomeshwa nalo. Chuoni nimesoma kurasa nyingi kuhusu sera ya uchangiaji, na nasema bila woga: walioiandika hawakulielewa neno lenyewe. Bibi wa Mwimbi asiyejua kusoma alilielewa.

Kwa hiyo sisi tuliosoma, tusijigambe kwamba tulijisomesha. Tulichangiwa. Januari hii gunia limefika mlangoni kwangu. Shikamoo, Mama Dominika. Nimelijaza.