Neno Alilomnong'oneza Neema

Nilimfukuza mume wangu kwa sababu ya neno ambalo sikujua maana yake. Naanza hapo ili usije ukanihurumia bure.

Sisi ni wakulima wa Kingi, karibu na Masisi. Mume wangu, Papa Neema, alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kiingereza, muuguzi wa misheni kule Walikale. Baada ya uhuru yule bibi alirudi kwao, naye mume wangu akarudi nyumbani na sufuria na mfuko wa kitambaa. Mfukoni mlikuwa na vibao vidogo vya mbao, kila kimoja na herufi yake.

Kila asubuhi alitia mkono mfukoni bila kutazama, akatoa vibao vitatu, akavipanga dirishani. Kisha tukaenda shambani, yeye akinong'ona. Tukipalilia maharage, midomo yake inacheza, vidole vinahesabu. Mara anasimama na kucheka peke yake.

"Unasema na nani?" nilimuuliza siku moja.

"Natafuta neno, Mama Neema. Neno refu ya Kingereza, yenye iko na zile herufi tatu ndani. Bibi alikuwa ananipa herufi, mimi ninamuletea neno. Fupi alikuwa anakataa."

"Bibi alishaenda. Sasa unamuletea nani?"

Akainama kwenye maharage, midomo ikaanza tena kucheza. Nami nikaliweka hilo moyoni.

Miaka ile watu waliogopana. Kifaransa tulikijua, kilikuwa lugha ya ofisi. Lakini Kiingereza cha nini katika milima yetu? Jirani yangu Mama Zawadi, mwanamke wa maombi, alikuja kuomba moto akaviona vibao dirishani. Akarudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Mufumu wa kupiga ramli anatupa mifupa," alisema. "Wako anatupa mbao. Tofauti iko wapi?"

"Anasema ni mchezo."

"Ee! Mwanaume muzima, na ndevu zake, anacheza? Fungua macho, Mama Neema."

Nikayafungua, ole wangu! Nilijificha nyuma ya migomba nimsikilize. Ng'ombe wa jirani akiharibu mimba, nazikumbuka herufi za asubuhi ile. Mvua ya mawe ikipiga maharage, nazikumbuka. Sikuona ubaya wowote, na kutouona ndiko kulikonitia shaka zaidi. Nilijiambia anauficha vizuri.

Kisha Neema, binti yetu wa pekee, akashikwa na kifua. Tulipewa dawa tukaambiwa tungoje. Jioni niliingia na uji nikakuta baba yake amempakata, mfuko uko wazi. Mtoto mwenyewe alitoa vibao vitatu. Baba akafikiri, kisha akamnong'oneza sikioni: "Brekifasti." Mtoto akatabasamu. "Bre-ki-fas-ti," akasema polepole. Wakalirudia pamoja mpaka akasinzia.

Hakuamka tena.

Kwenye matanga, watu wakiwa wamezunguka moto, nilisimama. Mimi, ambaye sijawahi kusema mbele ya wazee!

"Alimuitia kifo kwa Kingereza," nilisema. "Nilisikia na masikio yangu."

Baba mkubwa wa mume wangu akamgeukia. "Mwanangu, ile neno ni nini?"

"Ni chakula ya asubuhi, Papa. Alikuwa anakataa kula. Nikamuambia tulale na hii neno, kesho tutaikula. Tulikuwa tunacheza."

"Mutoto anakufa, na weye unacheza?"

Watu wakaguna. Mzee akaniangalia mimi. "Mama Neema, ni wewe unakaa naye. Huyu muntu alishakudanganya hata siku moja?"

Kosa langu liko hapa. Mume wangu hakuwahi kunidanganya, hata juu ya chumvi aliyoizidisha kwenye mboga ya sombe. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikasema, "Sijui."

Sijui! Mungu wangu!

Vibao vikatupwa motoni. Mume wangu akafukuzwa kabla matanga hayajaisha, na kaburi la mwanawe hakuligusa. Maharage aliyoyapanda niliyavuna peke yangu. Mama Zawadi naye akaacha kuja kuomba moto kwangu. Alinong'ona kisimani kwamba mwanamke aliyelala na mchawi, nani ajuaye amefundishwa nini? Nilipopita, akina mama walivuta watoto wao karibu.

Hata hapo sikumtafuta. Nilingoja mpaka habari ikafika kwamba amefia Hombo, kwenye barabara ya Bukavu. Ndipo nikapanda lori. Walinionyesha kaburi, kisha wakanipeleka kwenye nyumba ya chai alikokuwa anapika.

Nimekaa kwenye benchi, sijala, dereva mmoja akaingia akipiga kelele: "Mama, brekifasti iko?"

Nikasimama wima. "Umesema nini?"

"Chai na mukate, Mama," akacheka. "Hapa tunaita hivyo. Papa Mupishi alitufundisha."

Mwenye nyumba akaleta chai na mkate. Niliutazama ule mkate. Kumbe hicho ndicho kifo nilichosema alimwitia Neema!

Mlangoni watoto walikuwa wanacheza na vibao vya kuni, herufi zimechongwa kwa kisu cha jikoni. Msichana mmoja akaninyooshea mfuko. "Mama mugeni, toa tatu, utafute neno. Refu!"

Nikatoa vitatu. Sikujua neno lolote la Kiingereza isipokuwa moja.

"Brekifasti," nikasema.

Akavitazama vibao, akatikisa kichwa. "Hapana, Mama. Ile haina hizi herufi. Sema ingine."

Nikavirudisha vibao mfukoni.

Wewe unayemvizia mtu wa nyumbani kwako, toka nyuma ya migomba ukamwulize usoni. Akikujibu, na unajua si mwongo, mwamini hata kama jibu lake linakutia aibu mbele za watu. Nawe ukiulizwa habari zake, sema unayoyajua. Mimi nilijua.