Chupa Shavuni

Stima ikipotea hapa Kitale, maji ya tangi langu la samaki wa baharini huanza kupoa, na samaki hao hawawezi baridi. Basi napasha maji kwa gesi, najaza chupa za plastiki, naziacha zielee ndani ya tangi.

Leo harufu ya plastiki iliyopata moto ilinirudisha Bungoma, jikoni kwa mama. Kuku wetu alikuwa ameyasusia mayai yake. Mama akayapanga kwenye katoni pamoja na chupa za maji ya uvuguvugu, akayafunika kwa sweta yangu ya shule. Mimi nikaona joto likizidi, vifaranga watatoka haraka. Nikajaza chupa maji yanayochemka, ikajikunja mikononi mwangu.

Mama hakunichapa. Alijaza nyingine, akaiweka shavuni mwake, kisha mwangu.

"Umeskia hiyo? Ikikuchoma wewe, si itawachoma pia? Mama yao akiwalalia, joto ni hii tu."

Vifaranga walitoka wanne.

Tangi langu lina kipimajoto kizuri sana. Hata hivyo kila chupa naiweka shavuni kwanza, na huwa siitoi upesi hata nikishajua iko sawa.