Dakika Tano za Kunyamaza

Baba alifanya kazi miaka mingi kiwandani Mogogosiek, karibu na mashine za kukausha chai, mahali ambapo usipopaza sauti husikiki. Alipostaafu aliendelea kupaza sauti hata akiomba kijiko. Watu waliopita barabarani asubuhi na vikapu vya chai walimsikia kabla hawajaliona boma letu.

Figo zake zilipoanza kuchoka, nesi wa kliniki alituambia kwamba presha ndiyo inayozimaliza. Akampunguzia chumvi, akamwongezea dawa, akataka tumpime nyumbani kila asubuhi.

"Mzee, kabla ya kupima, kaa dakika tano bila kuongea."

"Dakika tano? Si nitalala?"

"Ni sawa. Bora usiongee."

Siku ya kwanza alishindwa mara nne, kwa sababu kila aliyesema neno alijibiwa. Kwa hiyo Mama aliamua tunyamaze wote. Redio ikazimwa. Baba alikaa ndani nyuma ya mlango, mkono umetolewa kwenye koti, mimi karibu naye na daftari. Mama na ndugu zangu walikaa nje kwenye benchi, kimya, ili wazuie wageni.

Siku ya tatu jirani yetu, mama Mkisii anayetuchumia chai, alipita akaona benchi. Sauti ya Baba haikuwepo na Mama alikuwa ameshika shavu. Hakuuliza. Alirudi nyuma akalia njia nzima mpaka kituo cha kupimia chai.

Kesho yake, mashine ya presha ikiwa inabana mkono wa Baba, boma lilijaa watu. Walileta sukari, unga, na viti vya kanisa. Mama aliwapungia mkono wanyamaze, nao wakadhani ni uchungu. Mwenyekiti wa kituo, ambaye hakuwa akisalimiana na Baba kwa miaka miwili, alivua kofia.

"Mzee huyu alikuwa mtu wa ukweli," alisema. "Alisema mizani yetu inaiba, tukakosana. Mizani ilikuwa inaiba."

Niliinuka niende kuwaambia. Baba akanishika shati, akaweka kidole mdomoni. Mashine ikalia: 128 kwa 76. Hatukuwa tumewahi kuona namba ya chini kama hiyo.

"Endelea," Baba akapaza sauti kutoka ndani.

Mama Mkisii akaangusha unga. Mwenyekiti akakaa chini, kwenye nyasi zenye umande.

Kwa kuwa sufuria zilikuwa tayari motoni, watu walibaki wakala. Chakula kilipikwa bila chumvi kwa ajili ya marehemu, ambaye alikaa katikati akipokea heshima. Hapo ndipo mwenyekiti alimuuliza kwa nini presha ilikuwa inampanda kama ana dawa.

"Ile dawa ya kukojoa siimezi siku ya kupeleka chai," Baba akasema. "Foleni huchukua saa tatu, na choo hakuna."

Hata Mama alikuwa hajui. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akasema kuanzia wiki hiyo Baba apimiwe chai yake wa kwanza. Hakuna aliyepinga; ni vigumu kumpinga mtu uliyemlilia asubuhi hiyo hiyo.

Figo hazikupona, na nesi alishasema hazitapona, lakini zimeacha kudhoofika kwa kasi. Kliniki iliyofuata nesi alipitia daftari mara mbili, akauliza ni dawa gani mpya tuliyoongeza.

"Hakuna," Mama akamjibu. "Amepewa nafasi ya kwanza kwa foleni."