Muuza Tairi kwenye Mteremko wa Wakwe

Mkifika Kisii mjini, upande ule wa kuelekea Kiogoro, mtamsikia Obwocha kabla hamjaliona duka lake. Anauza tairi. Tena hauzi tu, anahubiri. Mtu akiingia kujaza upepo na kuondoka zake, Obwocha atachutama kando ya gurudumu, atapitisha kidole gumba kwenye mpira, kisha atainua macho polepole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Ndugu yangu, hiki ni kipara. Meno yameisha. Na huku kwetu ni milima, udongo mwekundu, mvua kila mchana. Unataka tuanze kuchangia mazishi yako?"

Mteja hununua. Nani atakataa?

Na tusimwonee, mahubiri yenyewe ni ya haki. Kitu chochote kikiwa juu ya mteremko kinagombaniwa. Uzito wake unakivuta chini, saa zote, bila kuchoka wala kwenda kunywa chai. Ardhi nayo inakishika, inakikatalia. Tairi yenye meno hulichana tope na kuufikia udongo mgumu ulio chini, ikapata pa kushika. Kipara hulikalia tope juujuu, kama mtu aliyekalia sabuni. Obwocha anaweza kukueleza hayo mpaka uombe maji. Lakini jamani, kuna mambo mtu huyajua kwa ajili ya wateja peke yake.

Maana Obwocha huyo huyo alikuwa na viatu. Vyeusi, ncha mbele kama mdomo wa kunguru, soli ya ngozi iliyolainishwa na kupigwa rangi hadi inang'aa chini kuliko juu. Hakuna hata mkwaruzo mmoja wa kushika ardhi. Angeletewa tairi ya namna hiyo dukani, angelia machozi.

Sasa, huyu bwana alikuwa amekaa na mke wake, Nyakerario, mpaka binti yao Maureen akaanza shule, na bado kwa wakwe hajapeleka ng'ombe wa mahari, hata wa picha. Mwaka huu alisema kuna ukame. Mwaka ule, uchaguzi. Mwaka mwingine alisema ng'ombe wazuri wameisha Nyansiongo, kana kwamba yeye ndiye aliyewahesabu. Mwishowe baba mkwe, mzee Nyamweya wa Ikonge, akachoka. Akamwita binti yake nyumbani, naye Nyakerario akaenda na mtoto na begi la nguo. Ujumbe ukarudi Kiogoro ukiwa mfupi: Jumapili lete ng'ombe, na ulete heshima pamoja naye. Kimoja kikikosekana, begi halirudi huko.

Obwocha alishtuka. Nyumba bila Nyakerario ilikuwa imeanza kunuka soksi. Akaenda Nyansiongo na rafiki yake Ochoki, ambaye ndiye angekuwa msemaji wake kwa wakwe, wakachagua ng'ombe wa gredi wa maziwa, mweusi na mweupe, mtulivu kama shemasi. Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha, Nyakerario akapiga simu.

"Baba Maureen, huku kumenyesha. Kesho uje na gambuti."

"Gambuti? Kwani naja kukama?"

"Unakuja kwetu. Si unapajua kwetu?"

"Mama Maureen, mimi ni mtu wa tairi. Utanifundisha mambo ya utelezi?"

Nyakerario akakata simu. Ni mwanamke anayejua wakati wa kuokoa pumzi.

Kwa Nyamweya ni kama kwa watu wengi wa huko: shamba ni jembamba na refu, limening'inia kutoka barabarani juu mpaka mtoni chini. Kwanza chai, halafu migomba, halafu boma. Njia za kushuka ni mbili. Moja inakata shamba ikienda kulia, inageuka, inaenda kushoto, inageuka tena. Hiyo ndiyo ya akina mama wanaobeba vikapu vya chai. Ni ndefu, ila mteremko wake ni wa pole, kwa hiyo uzito haupati nafasi ya kukutawala. Ya pili inashuka moja kwa moja. Hiyo si njia hasa. Hiyo ni mahali maji ya mvua yanapopita.

Pikapu iliwashusha barabarani, Obwocha akiwa na suti, Ochoki akiwa na gambuti zake za mpira, na ng'ombe akiwa na kwato zake. Chini walionekana wakwe kwenye tenti, wote wametazama juu.

"Tuzunguke huku," Ochoki akasema, akimgeuza ng'ombe.

"Hiyo ni ya akina mama wa chai. Wakwe wananitazama, nami niende kulia, nije kushoto, kama natafuta kuku aliyepotea?"

"Basi vua viatu."

"Nifike kwa wakwe miguu mitupu? Ndio waseme binti yao ameolewa na hohehahe?"

"Haya, tairi. Tutakukuta huko."

Obwocha akashika ile njia ya maji. Hatua za kwanza zilikuwa nzuri, na hapo ndipo mteremko humdanganya mtu. Kitu kilichotulia hushikwa na ardhi imara kuliko kitu kilichokwisha kuanza kuteleza. Kwa hiyo alisimama katikati ya chai, akaona amesimama, akadhani ni ujuzi. Akainua mkono kuwapungia wakwe.

Guu la kushoto likaondoka.

Halikuanguka, wasikilizaji wangu. Liliondoka tu, kwa adabu, likielekea Ikonge ya chini. Obwocha akafanya wanachofanya watu wote wenye hofu: akaegemea nyuma, uzito ukaenda visiginoni, na visigino vya ngozi vikasema asante. Guu la kulia likamfuata mwenzake. Akakaa. Sasa suruali ndiyo ikawa tairi, na suruali yenyewe ilikuwa ya kitambaa kile cha kung'aa.

Baadaye watu walisema ni kitambi chake ndicho kilichompa mbio. Si kweli, tusikisingizie kitambi. Uzito ukiongezeka, mvuto huongezeka, lakini mwili nao huigandamiza ardhi zaidi na kushikwa zaidi, mambo yakatoshana. Mtu mwembamba mwenye viatu vile angeteleza vilevile. Kosa lilikuwa la soli, na la aliyezipiga rangi.

Akapita chai. Akapita migomba. Kila alipopita alizidi kasi, kwa sababu ule mvuto haukusukumi mara moja ukakuacha uende. Unakushikilia njia nzima.

"Ochoki!" alipiga kelele. "Ochoki, nishike!"

"Nimeshika ng'ombe!" Ochoki akajibu kutoka kona ya tatu, akitembea taratibu. Kwato za ng'ombe zilikuwa zinaingia kwenye udongo na kutoka, zinaingia na kutoka, bila haraka.

Na hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, akatoka mama mkwe, Orpah, na sinia kubwa la ugali wa wimbi kichwani. Jikoni ni pale njia ya maji inapoishia.

Mgeni asiyejua mambo ya Wagusii atacheka tu. Wenyeji hawakucheka. Kuna kitu kinaitwa chinsoni, haya na heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamshikani mikono. Hampitani karibu. Na hapa anakuja mkwe kwa makalio, mikono imetanuka, akitafuta chochote cha kumzuia, na chochote kilichokuwepo ni mama mkwe. Orpah hakuwa na pa kukimbilia, sinia liko kichwani, alifumba macho tu. Kwenye tenti watu wote wakasimama. Nyakerario akaweka mkono mdomoni, maana alijua akiguswa mama, begi limebaki.

Obwocha angemshika, angesimama salama. Hakumshika. Alirudisha mikono kifuani, akachimba kiwiko upande wa kushoto, na kiwiko, kwa kuwa hakikuwa kimepigwa rangi, kikapata udongo. Mwili ukageuka. Akapita pembeni mwa gauni la Orpah bila kuligusa, akavunja uzio wa fito wa banda la ng'ombe, akaingia shimo la samadi mzimamzima.

Kisha ng'ombe wa Nyansiongo akafika, akavuta tawi la majani, akatafuna.

Mzee Nyamweya akaja mpaka ukingoni mwa shimo. "Msemaji, ng'ombe amefika kwa miguu yake?"

"Amefika, mzee," Ochoki akasema.

"Na huyu?"

"Huyu ameletwa na mvua!" shangazi yake Nyakerario, Jemimah, akadakia, na tenti nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Hata hivyo nilipanga kuingilia upande huu," sauti ikasema kutoka shimoni.

Nyamweya akangoja kicheko kiishe. "Miaka yote nimesema mtu huyu hana heshima na nyumba yangu. Leo nimeona mikono yake. Alikuwa na pa kushika, akachagua mavi. Ng'ombe amepokelewa. Mtu apewe maji."

Orpah, aliyekuwa amefika nyuma ya jikoni, akasema bila kumtazama mtu yeyote, "Maji mengi."

Walipomaliza kula na kuombewa, Obwocha akiwa amevaa kanzu ya kwaya ya mtu mwingine na gambuti za baba mkwe, Nyakerario akatoa begi ndani, akamshika Maureen mkono. Obwocha akatazama juu barabarani, akakohoa.

"Tukipanda hapa moja kwa moja tutafika haraka. Hizi gambuti zina meno mazuri, nimeziangalia."

Nyakerario akamtwika begi.

"Baba Maureen," akasema, "fuata alikopita ng'ombe."