Kata Niliyoiosha Mara Saba

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nilijiona mwanachuoni, kumbe nilikuwa mjinga mwenye sauti nzuri. Mjukuu wangu Zainabu, anayefundisha sekondari huko Mtama, ndiye anayeniandikia maneno haya, kwa kuwa mimi skuli sikupelekwa. Nilisoma chuo cha Kurani tu, kwetu Sudi. Ameniambia kwamba wanafunzi wake, Waislamu na Wakristo, wanamwuliza habari za dini yetu, naye anaogopa kujibu asije akawagombanisha. Basi nawe unayesoma, sikiliza pamoja naye.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, nimebakiza juzuu mbili nihitimu, na mama yangu alikwisha kutenga mchele wa karamu ya hitima. Nyumbani kwetu alikuwa akifikia mama mmoja Mkatoliki wa vilimani, aliyeteremka na mbaazi na kurudi kwao na ng'onda, samaki wa kukausha. Binti yake, Rozalia, alikuwa rika langu. Tulilala mkeka mmoja. Siku hiyo alinifuata chuoni adhuhuri, mwalimu wetu Bi Mwanaidi akiwa ndani anasali. Akatia kata mtungini, akanywa, akashukuru.

Wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa somo la twahara: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nami, nikitaka wenzangu waone nilivyolishika somo, niliichukua ile kata, nikaisugua kwa udongo, nikaanza kuisuuza. Wenzangu wakahesabu kwa sauti, huku wakicheka, mpaka saba. Rozalia aliuliza kuna nini. Mmoja wao akamweleza.

“Basi jana ulilala na mbwa, mwenzangu,” aliniambia, akaondoka.

Jioni mama yake alijitwika mzigo wake bila neno, akahamia nyumba nyingine. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi hata ulimi sikuutumia.

Bi Mwanaidi alipopata habari hakushika bakora, naye hakuwa mzito wa bakora. Aliniamuru nimsomee lile somo. Nikalisoma bila kukosa herufi.

“Hilo ni la mbwa,” alisema. “La mwanadamu umelisoma wapi?”

Akaichukua ile kata, akaniwekea mbele.

“Mwenyezi Mungu amesema amewatukuza wana wa Adamu. Hakusema wa Sudi tu. Msahafu hufungui hapa mpaka Rozalia anywe tena kwa kata hii, nawe unywe alichobakiza.”

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, ila mtungi waweza kujazwa tena kwa mwenye miguu ya kwenda kisimani. Mimi nilikaa nikingoja wao ndio waje. Hawakuja. Mchele wa hitima ukaanza kuingia fukusi, na mama akaacha kunitazama usoni. Mwishowe baba alinipeleka vilimani kwa miguu, kata nimeifunga katika kanga.

Tulimkuta Rozalia akipeta mbaazi. Niliitoa kata, nikamwomba radhi. Aliendelea kupeta mpaka ungo ukaisha, nami nimesimama juani. Kisha akachota maji, akanywa nusu, akanipa.

“Utaiosha mara ngapi?”

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Ndipo mama yake akacheka, akasema niongezewe, kwani njia ya kurudi ni ndefu.

Lakini Rozalia alikuwa na lake. Aliniuliza yale tunayoyasoma kila siku kwa sauti pale barazani yana maana gani. Ameyasikia tangu utotoni, naye anapenda kujua. Juzuu ishirini na nane nilikuwa nazo, lakini maana, hata ya Alhamdu, sura ya kwanza kabisa, sikuwa nayo.

Nikarudi kwa Bi Mwanaidi, safari hii si kwa kutaka hitima, bali kwa kuomba maana. Akasema kwamba sasa ndipo naanza chuo.

Tangu hapo, kila Rozalia alipoteremka, nilimweleza nilichojifunza, naye akanieleza sala za kwao. Nisilolijua nilikwenda kuuliza. Hitima yangu ilichelewa, na siku ilipofika alikaa mkeka wa mbele, rozari shingoni, akila pilau na wale wale waliohesabu. Mpaka leo yeye ni Mkatoliki nami ni Muislamu, na tukikutana hunitania, akiniuliza kama ile kata imekwisha kukauka.

Kwa hiyo, Zainabu, nawe mwanangu, anayekuuliza dini yako mjibu, na umjibu kwa maana, si kwa sauti. Usilolijua sema hulijui, kisha nenda ukaulize. Waislamu wako nao wafundishe maana ya wanayoyasoma, kwa kuwa asiyeijua dini yake ndiye mwepesi wa kumdharau mwenye dini nyingine. Usimfundishe mtu ili umtoe katika dini yake. Mfundishe ili akikaa jirani yako asikuogope, nawe usimwogope. Asiyekujua hakuthamini. Na elimu ya nusu usiigeuze bakora.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye haya, akujaalie majirani watakaochota mtungini mwako bila kubisha hodi mara mbili, nami niko radhi nawe. Zainabu, weka kalamu. Kesho nenda ukawajibu.