Mikia Ukutani

Simu iliita nikiwa kwenye cherehani yangu hapa sokoni Same. Alikuwa wifi yangu wa milimani, yaani mke wa mtoto wa jirani yetu, yule mzee ambaye maisha yangu yote nimemwita baba mdogo ingawa hatuna undugu wa damu.

"Wifi, mzee ana kidonda mguuni. Ni hiyo sukari. Zahanati wamesema kioshwe na kufungwa kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Na hataki tumguse."

"Anasemaje?"

"Anasema ataosha mwenyewe. Kuinama kwenyewe hawezi!"

Nikaacha kukanyaga cherehani. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka mbele ya mteja, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Maneno hayohayo niliwahi kuyasikia kwa baba yangu.

Baba alikuwa mwindaji. Asije mtu akadhani alikuwa jangili. Kwetu nguruwe pori hutoka msituni na kuingia kwenye mahindi na magimbi ya watu, na kukicha unakuta shamba limefukuliwa lote. Hapo kijiji hutoa ruhusa, wanaume wakatoka na mbwa na mikuki, na baba ndiye aliyetangulia.

Kichekesho ni kwamba sisi nguruwe hatuli. Tunasali Jumamosi, na mama hakutaka hata harufu yake ipite uani. Nyama ilikwenda kwa jirani, ambaye anasali Jumapili na sufuria yake haina ubaguzi. Baba alisema anawinda kwa ajili ya mashamba ya watu, na ilikuwa kweli. Lakini kwa wawindaji wa kijijini kwetu, mkia ni wa yule ambaye mkuki wake umempata mnyama kwanza. Mikia baba hakuiacha. Aliikausha na kuipigilia misumari kwenye ukuta wa jiko, upande wa nje, mahali ambapo mgeni hawezi kupita asiione. Nyama hatukula, lakini sifa tulishiba.

"Angalau ungeipigilia upande wa nyuma," mama alimwambia mara nyingi. Baba alijifanya hasikii.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, watu hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Baba alikuwa wa kwanza kujifunga taulo na kupiga magoti. Aliosha miguu ya wazee, ya walevi waliotubu juzi, ya mtu yeyote. Zamu yake ya kuoshwa ilipofika, alichovya vidole tu kwenye beseni na kuvuta mguu kama aliyekanyaga kaa la moto. Watu walisema ana unyenyekevu. Mama alikuwa na maoni yake, ila alinyamaza.

Nilikuwa nimekwishahamia Same, nimepanda nyumbani kusalimia, siku baba alipoletwa mgongoni mwa jirani. Nguruwe alikuwa amechomwa mkuki na jirani, akajificha kichakani. Kila mtu alijua mkia ule ni wa nani. Baba hakukubali. Alijitosa kichakani peke yake ili aweze kusema mkuki wake ndio uliotangulia, na nguruwe akageuka, akamchana kigimbi kwa meno yake. Jirani alimbeba kutoka huko juu, mteremko wote ule, huku akimtukana njia nzima.

Zahanati walimshona, wakaagiza kidonda kioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mama akaenda na beseni, akafukuzwa. Nikaenda mimi, nikafukuzwa. "Nitaosha mwenyewe," alisema, na kuinama hakuweza. Tukamwita mzee wa kanisa, akaombewa, akaitikia amina, kisha akaufunika mguu shuka. Kidonda kikaanza kunuka. Tulikuwa tunampoteza huku yupo palepale kitandani, mkaidi, anatusomea Zaburi.

Jirani alikuja asubuhi moja, akamnyang'anya mama beseni.

"Leta mguu, acha kiburi," nilimsikia akisema. "Nguruwe amekushinda, mimi utaniweza?"

Akafunga mlango. Sisi tulisimama uani tukisubiri kelele, lakini hatukusikia kitu. Mlango ulipofunguliwa, baba alikuwa amelowa uso mzima mpaka kifuani.

"Shemeji wee, ndiyo kuosha gani huko?" mama akamuuliza. "Mpaka usoni?"

"Ni maji tu," jirani akajibu, akaenda zake.

Alikuja kila asubuhi mpaka kidonda kikafunga. Baba alipoweza kusimama, aling'oa ile mikia yote na kuifukia mgombani. Hakutueleza kitu, na kanisani hakusimama kutoa ushuhuda. Alirudi mawindoni, lakini mkuki hakuushika tena. Alisimama na vijana wanaopiga kelele kuwafukuza nguruwe kutoka vichakani, kazi isiyo na mkia. Nikiwa nyumbani nilimsikia ng'ambo ya bonde, sauti yake nzito kupita zote, "Hoo! Hoo!"

Sauti hiyo ndiyo ninayoitamani. Baba amelala mgombani kwetu miaka sasa, mama yuko kando yake, na mimi huku bondeni kwenye joto, milima naiona kila siku nikiinua kichwa. Jioni upepo ukitoka huko huwa natega sikio. Najua ni upumbavu. Natega tu.

Kesho yake baada ya simu ile nikapanda. Nilipita nyumbani kwanza. Ukuta wa jiko bado una matundu ya misumari, nikaweka kidole kwenye moja nikakaa hapo kidogo. Kisha nikavuka kwa jirani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Wamekuita, siyo? Rudi kwenye cherehani yako. Nitaosha mwenyewe."

Wifi akaleta beseni, akasimama mlangoni. Nikapiga magoti. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia mzee wa watu vile.

"Leta mguu, acha kiburi. Sukari imekushinda, mimi utaniweza?"

Aliduwaa. "Maneno ya nani hayo?"

"Yako."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama maji.

"Baba yako alilia siku ile," akasema. "Alilia sana, kama mtoto. Akasema hakujua kupokea ni kugumu hivi. Nikamrushia maji usoni, ili ninyi mkiingia msijue."

Miaka yote hiyo nilidhani nimeshapewa kila kitu cha baba kilichobaki. Nikashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, ili asinione.

Mzee akaunyanyua mguu wake taratibu, akautumbukiza kwenye beseni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Maji yakanirukia uso mzima. Wifi akapiga kelele, akakimbilia kitambaa.

"Mwache," mzee akamwambia. "Ni maji tu."