Hapana Simama

Tonton Nassoro, ndugu ya mama yangu, alikuwa mshonaji wa Kabondo, mtaa wetu wa mjini. Mtu mpole, mpole mpaka anakera. Siku moja firimbi ya bendera ililia, watu wote wakasimama wima kama Chama kilivyotaka, yeye akamalizia mshono kwanza. Askari wakamlaza kwenye jua kali na mashini yake ya kushonea juu ya kifua. Tangu hapo firimbi ikilia tu, huyo! ameshasimama, hata kama ana tonge la bugali mdomoni. Tulimcheka sana. Wajinga sisi.

Koko Fatouma, mama yake, alifariki wakati tonton yuko Ubundu, akishona nguo za wacheza ngoma wa kusifu Chama. Tulimpelekea habari kwa phonie, ile redio ya misioni: koko ametuacha, tunakungoja mpaka kesho alasiri. Baba yangu alishakufa, kaka sina. Katika ukoo wetu mwanaume alibaki yeye tu. Na kwetu Waislamu wa Maniema, mwanamke hashushwi kaburini na mikono ya wageni kama mwanawe yuko hai. Koko mwenyewe alikuwa akimwambia, "Nasso, utanishusha wewe. Nisiguswe na watu sijui."

Akapanda treni ya usiku. Alfajiri treni ikamfia porini, mazout imekwisha. Akateremka mtoni kutafuta pirogue, mtumbwi wa wavuvi, akakuta wazungu wanapuliza mtumbwi wa mpira. Eti wanashuka maporomoko kwa kucheza. Kucheza! Kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mmoja wao, Edouard, alikuwa na Kiswahili cha Bukavu, tonton akamwomba wamchukue.

"Papa, unaogopa maji?"

"Naogopa sana, na kuogelea sijui. Lakini mama yangu iko nangoja."

Wakamvika fulana nene ya kuelea. "Bon. Kamata hii kamba. Maji ikipiga, kaa chini. Hapana simama, umesikia? Hata kidogo."

"Sitasimama. Nimesikia."

Poromoko la kwanza nusura limtoe roho. Mtumbwi ulijikunja, ukapanda, ukaanguka, maji yakampiga usoni, naye anapiga shahada kwa sauti akijua amekwisha. Halafu wakatokea upande wa pili, wazima, na tonton akacheka. Hicho ndicho kitu kilichomuumiza baadaye. "Mama amekufa, na mimi nacheka," aliniambia.

Kwenye poromoko la pili kulikuwa na posti ya serikali juu ya ukingo. Mtumbwi ulikuwa umeshaingia katikati ya mawimbi, na pale juu firimbi ya kupandisha bendera ikalia. Tonton akaachia kamba. Akasimama wima, mikono ubavuni.

"Assis! Papa, kaa! Kaa!"

Mtumbwi ukapinduka. Waliokolewa wote, Mungu asifiwe, lakini mpira ulipasukia kwenye jiwe na makafi yakaenda na maji. Tonton akafuata reli kwa miguu, peku, mpaka rive gauche, ng'ambo ya mto kutoka mjini, ndipo akapata pirogue ya kumvusha mjini.

Sisi tulingoja. Alasiri ikapita. Shehe akasema maiti hawezi kungoja zaidi. Wakamshusha vijana wa sokoni, majina yao siyajui mpaka leo. Sisi wanawake tulikaa ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, namlaani tonton wangu.

Alitokea jua likizama, tope mpaka kwenye nyusi, fulana ya wazungu bado kifuani. Akaliona tuta la udongo mbichi.

"Nani alimushusha?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Niambieni! Nani alimugusa mama yangu?"

Akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili amwekee mama yake. Hiyo tu ndiyo haki iliyokuwa imebaki.

Ndipo kwenye kambi ya jeshi iliyo karibu na makaburi askari wakapiga firimbi ya kushusha bendera.

Nilikuwa nimemfuata mpaka pale kaburini, nikamwona kwa macho yangu haya. Tonton akasimama. Mikono ikanyooka ubavuni yenyewe, udongo wote ukamwagika pembeni. Machozi yanatiririka, na nilimsikia akijiambia, "Kaa, Nasso. Kaa, baba, kaa." Magoti hayakumtii. Alibaki wima hivyo hivyo mpaka firimbi ya mwisho, na alipotazama viganja vyake havikuwa na kitu.